Daftari la Esansi

Daftari lilikuwa la Cibalonza, si langu.
Jalada la bluu, pembe zimeguguna na panya,
na ndani, kwa mwandiko wa mtu aliyewahi kufundisha hesabu,
kila lita tuliyonunua tangu tupate gari:
tarehe, kilomita, faranga, mahali.
Panzi. Nyawera. Mara nyingi pale Essence,
mtaa wenye jina la mafuta
na matope kuliko mafuta.

Mimi nilinunua matairi.
Manne, mapana, ya mkono wa pili,
kwa Murhula, ambaye hatoi risiti.
Nilitaka gari lisimame kama mwanamume
aliyetanua mabega mbele ya picha.
Na kweli lilisimama.
Siku tatu watoto wa jirani walikuja kuligusa.

Siku ya nne, mteremko wa Kadutu, mvua,
volani ikaanza kuwa na maoni yake.
Kila mfereji uliochimbwa na malori
gari liliufuata, pua chini,
kama mbwa aliyesikia harufu ya mfupa.
Nikikata kona yote kulia, kr-kr-kr,
mpira unalamba bati la madigadi.
Abiria mmoja akauliza kama nimebeba kuku.
Nikasema ndiyo.

Kwa Cibalonza sikusema kitu.
Lakini daftari halinyamazi.
Jumapili jioni, kalamu sikioni:
"Lita nane kwa kilomita mia. Mwaka mzima, lita nane.
Sasa kumi na nusu.
Una mwanamke wa pili Bagira,
au una tundu kwenye tangi?"

Tukaenda wote wawili kwa Fundi Zihalirwa.
Hakufungua boneti.
Aliinama, akapitisha kiganja juu ya mpira
taratibu, kama anayepima homa ya mtoto.
"Huku pembeni pameisha, katikati pazima:
upepo hautoshi. Nani alijaza?"
Kijana wa pampu, nikasema, kwa kipimo cha zamani.
"Na huku ndani kuna meno ya msumeno.
Palalelizimu imekwenda.
Magurudumu yako yanatazamana
kama watu wawili wenye deni moja."

Akafunga uzi toka nyuma hadi mbele,
akakaza, akalegeza, akatema mate, akakaza.
Nilidhani tumemaliza.
Ni Cibalonza aliyesema: "Ngoja."

Akatoa mkobani futi ya cherehani.
Akaomba chaki. Akaomba tairi la akiba,
lile jembamba, la zamani, lililosahaulika nyuma ya buti.
Akalitia alama, akalibingirisha mara moja sakafuni:
mita moja, sentimita themanini.
Kisha jipya, alama hiyohiyo, mzunguko mmoja:
themanini na tisa.

Garaje ikatulia. Hata redio ilionekana kusikiliza.

"Basi mita ya gari inahesabu mizunguko, si barabara," akasema.
"Ikisema ishirini, tumekwenda ishirini na moja.
Ile nusu lita haikuibiwa. Tulisahau kuihesabu safari."
Zihalirwa akavua kofia.
Miaka kumi na tisa chini ya magari, akasema,
na leo nafundishwa na futi ya nguo.

Tuliporudi nyumbani volani ilikuwa nyepesi kidogo.
Kidogo tu. Kwenye maji bado gari linaelea,
mpira mpana hauchani dimbwi, unalikalia.
Na kona ya kulia bado ina kuku.

Matairi ya zamani yako uani kwa mama mkwe.
Moja limeshapata mayai sita,
na mama mkwe amesema wazi
hatamwondoa mtu mwenye mimba.

Kwa hiyo tunasubiri.
Baada ya wiki mbili Cibalonza akapiga hesabu upya:
nusu lita, uongo wa mita;
lita moja, upepo na uzi wa Zihalirwa.
Bado ilibaki lita nzima isiyo na mwenyewe.

Akachora safu mpya pembeni mwa ukurasa,
akaandika juu yake, bila kunitazama,
kwa herufi safi za ubaoni:
*Mabega.*
Na chini yake, kila Jumapili, bei.