Tarehe Ishirini na Nne

Ifunue tuisome, Nsaeli, chai ingali moto.
Usiangalie ile namba ya juu.
Ya juu ni ya kuwatajia wakwe;
ya kula ni hii ya chini,
kodi ikishapita, pensheni ikishapita,
na Bodi ya Mikopo, ambayo haijawahi kusahau jina la mtu.

Mshahara una tabia ya mlima wetu:
alfajiri umetoka, mweupe, mzima,
saa nne wingu limeshaufunika
na mgeni anaapa hapakuwa na kitu pale.

Kwa hiyo toa yako alfajiri.
Kabla ya mwenye nyumba wa Pasua, kabla ya bando,
kabla ya Kiborloni na belo linalofunguliwa Jumamosi.
Hata elfu kumi. Iweke mahali panapotaka nauli na foleni,
si kwenye simu. Simu inataka kidole tu,
na kidole hakina aibu.

Mimi nilianza karani wa malipo pale hospitali,
viatu jozi mbili, cheo kirefu.
Mwezi wa tatu nikakopa gari.
Gari, Nsaeli!
Kutoka Majengo hadi kazini ni dakika ishirini na tano kwa miguu.
Nazijua, kwa sababu nilizitembea baadaye
gari likiwa limelala uani bila mafuta,
limefunikwa turubai
kama maiti ya mtu mwenye uwezo.
Deni lilikaa miaka minne. Gari halikukaa.

Mengine utayakataa, nami niliyakataa.
Kadi za michango, kwa mfano.
Kamati itakuandikia "tunakukumbusha ahadi yako"
na wewe hukuahidi chochote.
Chagua mbili. Toa mapema.
Waliobaki wapigie, waisikie sauti yako:
mtu humsamehe asiyekuwa nacho;
asiyepokea simu, hapana.

Na dhamana, usiweke saini
eti kwa sababu mlikaa dawati moja.
Ndeshukurwa aliweka. Sasa yeye na shoga yake
kila mmoja anajua upande wa barabara anaopita mwenzake.

Desemba utapanda Kibosho. Wote watapanda,
Double Road itajaa magari ya kukodi yanayong'aa.
Ndiko tunakohesabiwa, nawe utataka kuhesabika.
Usinunue mbuzi wa mkopo.
Panda na sukari, mche wa sabuni, na siku tatu kamili:
kata majani ya ng'ombe, zibua mfongo unaopita kihambani.
Baba yako atasema "huyu amefika"
kabla ya yule aliyeshusha kreti sita.
Au hatasema. Namjua baba yako.
Zibua hivyo hivyo.

Liko moja sina jibu lake.
Mama alipougua nilikuwa na akiba
niliyoipa jina, "kiwanja cha Rau".
Nikasita siku mbili. Mbili tu.
Kisha nikatoa yote, akapona, anafuga kuku mpaka leo;
kiwanja alikichukua mtu wa Himo.
Kiwanja sikijutii.
Zile siku mbili ndizo ninazozilipia riba.
Wewe andika daftarini, mstari wa kwanza kabisa,
fedha hii ni ya nani,
ndipo uandike ni ya nini.

Haya, ikunje.
Kitumbua hujakigusa. Ulikuwa unasikiliza,
au unapiga hesabu ya ile simu
uliyoichungulia dirishani kule Mnara wa Saa?
Nilikuona.
Rudisha pochi, leo nalipa mimi.
Mwezi ujao zamu yako,
nami hunywa ya maziwa, vikombe viwili.
Iweke kwenye bajeti.