Goti la Suruali

Tangu Novemba sijashona goti.
Nakumbuka kwa sababu uzi wa buluu
bado umo kwenye sindano, mezani, karibu na redio,
umeshika vumbi.

Zamani kila Jumanne na Alhamisi
Ugnius alirudi na tundu.
Mpira ukitoka nje, naye hutoka nao;
ukiingia chini ya viti vya watazamaji, naye yumo,
anaibuka na utando wa buibui kwenye nywele,
anacheka, hajui kiatu kimoja kiko wapi.
Hapa Panevėžys, ambapo hata kasisi
ana maoni kuhusu mtupo wa adhabu,
walimu walimlalamikia, ila mitaani walimjua.

Jina lake, kwa lugha yetu, ni moto.
Sitaki kulitungia methali.
Moto huo uliunguza madaftari,
sufuria mbili (hizo kweli kweli)
na mwaka mzima wa fizikia.

Ndipo daktari Skaistė, mwanamke mpole
mwenye kalamu iliyotafunwa kama za mwanangu,
akatuandikia vidonge. Kimoja asubuhi, baada ya uji.

Nami sitasema uongo: siku ya tisa
alikaa. Alikaa! Akamaliza ukurasa,
akafunua mwingine bila kuambiwa,
nikaenda bafuni, nikafungulia maji
asinisikie nikilia.
Fizikia: tisa kwa kumi.

Lakini chakula cha mchana kikarudi koponi kama kilivyoondoka,
mkate na jibini vinatoka jasho.
Na suruali ya mazoezi ikarudi nzima.
Nzima, na imekunjwa. Nani alimfundisha kukunja?

Nikaenda kutazama. Nikakaa nyuma, karibu na bomba la joto.
Alicheza vizuri. Hilo ndilo lililonitisha.
Kila pasi ilifika ilikotumwa.
Mpira ukateleza kuelekea mstari
naye akausindikiza kwa macho
kama mtu anayemuaga mgeni asiyemwalika yeye.

Garini nikamuuliza. Akafikiri.
(Zamani jibu lilimtoka kabla swali halijaisha.)
Akasema, "Naona mpira unakokwenda
hata kabla haujaenda.
Ila siutaki kama nilivyokuwa nautaka."
Vifuta-kioo vikaenda, vikarudi.
"Si huzuni, Mama. Ni kama kushiba
bila kula."

Kocha Rimgaudas alinivuta pembeni: siku ya mechi, mama,
si lazima. Baba yake akasema, lazima.
Daktari akasema tupunguze kipimo, tubadili saa,
tuwe na subira, kila mwili na hesabu yake.
Kila mtu alikuwa na neno juu ya mwanangu
isipokuwa mwanangu,
aliyekuwa chumbani anamaliza kazi za shule.

Leo wamecheza na Utena. Sikwenda, nilikuwa zamuni.
Amerudi saa nne usiku bila begi, limebaki kwenye basi.
Ametolewa robo ya tatu kwa makosa matano,
wamefungwa kwa pointi kumi na moja,
na anaongea, anaongea, mdomo umejaa viazi,
mikono inamwaga chai.
Baba yake anamtazama kama redio iliyoshika stesheni ya zamani.

Suruali ameiacha mlangoni.
Tundu, goti la kushoto, linapitisha ngumi.
Na mfukoni, ndani ya karatasi ya shashi,
kidonge cha asubuhi.

Nimekiweka mezani, kando ya sindano.
Kesho ana mtihani wa kemia.
Kesho nitamuuliza, na safari hii
nitanyamaza mpaka ajibu, hata uji upoe.

Amelala na taa inawaka.
Napuliza vumbi, nafunga fundo.
Uzi ni mfupi kuliko nilivyokumbuka.