Tafakari ya Wiki ya Tatu

Chuo kinadai tafakari kila Ijumaa, maneno mia tatu:
umejifunza nini kuhusu teknolojia darasani?
Ile yenye adabu nimeshaituma.
Hii ni ile nyingine.

Jumatatu. Dundee, rasharasha
isiyonyesha wala kuacha.
Darasa la pili, watoto ishirini na watatu,
na kabati la magurudumu lililojaa vishikwambi
vimesimama ubavu kwa ubavu kama sahani.
Nikavihesabu: ishirini na vinne.
Nikafurahi, tuna kimoja cha akiba.
Sikuhesabu vyenye chaji.
Saba.

Bi. Rennie, mlezi wangu, hakusema neno.
Ana miaka thelathini na mmoja kazini,
na kunyamaza ni somo analolimudu.
Alivuta droo tu, akatoa penseli kumi na sita,
zimechongwa zote.
Zilichongwa lini? Alijua tangu lini?

Jumanne, ubao wa kugusa.
Nagusa hapa, wino unatokea kule,
kiganja kizima upande wa kushoto.
Nilitaka kupigia mstari jibu, nikapigia swali.
Tavish, miaka sita, pengo la meno mawili,
akanivuta sweta:
"Mwalimu, ubao haujui ulipo. Lazima uuambie."
Akapanda kiti (kupanda viti ni marufuku, nilijua, nikanyamaza)
akagusa misalaba tisa midogo, mmoja mmoja,
kama fundi anayepima kifua cha mteja.
Nikasimama nyuma yake
nikitazama kisogo kinachonifundisha.

Jumatano ndiyo niliyoificha.

Nilikuwa nimeandaa programu inayosikia sauti na kuandika,
kwa ajili ya Ailsa,
ambaye hadithi anazo mdomoni tele
lakini akishika penseli herufi humtawanyika
kama siafu waliomwagiwa majivu.
Nikaanza mimi, kuonyesha mfano,
kwa Kiingereza changu kilichoota Korogwe,
kikanyooshwa Morogoro,
kikafaulu mitihani miwili ya kuingilia nchi hii.
Nikasema: kuku ana mayai matatu.
Ikaandika habari za benki.

Darasa likaangua kicheko.
Kati ya *nilichekwa* na *tulicheka*
kwenye karatasi ni herufi chache.
Shavuni ni moto.

Ailsa akasogea, akasema yake,
kwa lafudhi ya humu humu mjini,
ya bibi yake na ya mama wa bibi yake,
wasukaji wa magunia waliozoea
kupaza sauti juu ya mitambo.
Ikaandika farasi. Ikaandika ushuru wa forodha.
Akanigeukia, macho makavu:
"Nawe pia haikuelewi?"
Nami pia.
"Lakini mimi ni wa hapa!"

Sikuwa na jibu. Kitabu cha chuo hakina ukurasa huo.

Kisha akakaa kwenye zulia, akakiweka kishikwambi mapajani,
akamfuta farasi.
Kwa hasira, ulimi nje, kidole kimoja,
akazisaka herufi alizokuwa akizikimbia tangu Agosti,
akaandika *bibi*.
Akaufuta ushuru. Akaandika *alipoteza miwani*.
Dakika kumi na tisa, sentensi moja,
kwa sababu tu mashine ilimsingizia.

Bi. Rennie alipita nyuma yetu na kikombe chake cha chai,
akasoma, akaendelea na safari.

Kwenye tafakari rasmi niliandika:
*kulitokea changamoto ndogo za kiufundi;
lengo la somo lilifikiwa kwa sehemu.*
Wataipa alama. Haina kosa la sarufi.

Alhamisi nilifika saa moja kasorobo, giza bado,
mtunza shule akanifungulia akipiga miayo.
Nikachomeka waya mmoja baada ya mwingine,
vitaa vyekundu vikawaka kabatini.
Nikachonga na penseli, ishirini na tatu.

Kishikwambi cha mwisho hakina waya.
Bado nautafuta.