Kielelezo cha Kumi na Tisa

Jagoda amelala. Saa nne na robo usiku, Łódź,
theluji imekuwa tope kati ya reli,
nami nimetandaza maisha yetu juu ya meza
yenye mguu mfupi uliotiwa kigingi cha kadi ya kliniki.
Kadi nayo naichomoa. Huenda ikahitajika.
Meza inayumba.

Wakili Wrońska amesema: leta karatasi.
Mahakama haina pua ya kunusa supu,
haina kiganja cha kupima homa kwenye paji la uso.
Ina macho tu, na macho yake husoma.

Basi nabandika.
Risiti ya viatu vya baridi, namba ishirini na tisa.
Risiti ya miwani, na ya miwani tena
(ile ya kwanza aliikalia mwenyewe, akacheka hadi kwikwi).
Barua ya mwalimu: huja shuleni amechanwa nywele.
Nani alijua kwamba kitana ni shahidi?

Ratiba ya zamu zangu, muhuri wa karakana ya tramu:
usiku nne kwa mwezi,
na jina la anayelala hapa usiku huo,
Bi Halszka wa ghorofa ya pili,
ambaye ameapa kuvaa kofia yake ya misa
na kumjibu hakimu hata asilouliza.

Kazi si kulea.
Kazi ni kuthibitisha umelea.

Jumanne alikuja afisa wa ustawi.
Alifungua friji yetu
kama mtu anayefungua barua isiyo yake.
Nilikuwa nimepiga deki mara mbili,
bili ya gesi nimeificha ndani ya buti.
Akamwuliza Jagoda: unapenda kulala wapi?
Jagoda akasema: upande wa ukutani.
Afisa akaliandika hilo.

Sasa nafanya mazoezi kwenye kioo cha bafu.
Usilie sana, wataona hujatulia.
Usikauke pia, wataona huna moyo.
Chozi ni chumvi, nalitia kwa ncha ya kidole.
Sema "baba wa mtoto", usiseme "yule".
Koti la kuazima la dada linanibana kwapani,
nitatoa ushahidi nimekunja mabawa
kama kuku aliyenyeshewa.

Limebaki daftari la kijani.
Humo nimeyapanga yake yote.
Tarehe sita: kachelewa dakika hamsini.
Tarehe ishirini: hakuja, mtoto kakaa dirishani
na koti mwilini, na skafu, na glavu,
hadi taa za barabarani zikawaka.
Kila mstari nimeupigia rula.

Halafu ukurasa wa thelathini na moja,
mwandiko wangu, sikumbuki kuuandika:
*Leo Remigiusz kamfundisha kuteleza kwenye barafu.
Kamshika mikono muda wa saa mbili,
yeye akienda kinyumenyume, mgongo ukimwuma.
Karudi ananuka baridi, hataki kuvua soksi.*

Daftari ni la waya. Ukurasa hutoka bila kelele,
vinabaki vipande vidogo tu kwenye pete,
navyo huokoteka.
Wrońska hajauona.
Nimeushika pembeni kwa vidole viwili
muda wa tramu mbili kupita chini ya dirisha.

Ya tatu ilipopita, vikombe vikagongana kabatini,
nikachukua kalamu,
nikaandika kwenye kona, juu, kulia: 19.
Sijui nimempa nani silaha.

Mlango ukalia. Jagoda, peku,
nywele zake ambazo hakuna barua ingezitetea,
anataka maji.
Akaiona gundi, mkasi, makaratasi.
"Mama, hiyo ni kazi ya nyumbani?"
Ndiyo.
"Ya lini?"
Ya Alhamisi.
Akanywa, akapumua ndani ya glasi,
akanirudishia ikiwa na ukungu.
"Usisahau kuandika jina lako juu.
Ukisahau, wanakuwa hawajui ni ya nani."