Mita Mbili na Robo

Nchi hii ya kisiwa sikuizunguka kwa miguu.
Nimeisafiri kwenda chini, hapa Kilwa Kisiwani,
shimoni, ubavuni mwa msikiti mkongwe,
kwa ujira wa kutwa na chai ya saa nne,
mwiko mkononi, kanga kiunoni,
na mswaki kutoka dukani kwa Akida
wa kuoshea vigae badala ya meno.

Shibiri ya kwanza: kifuniko cha soda, betri,
kisigino cha ndala. Ndio sisi.
Chini yetu, pesa ya Mjerumani, imeota kutu ya kijani.
Chini yake ushanga mmoja mwekundu.
Mfaume, msimamizi, aliugeuzageuza kiganjani.
“Huu,” akasema, “ulinunulia watu.”
Nikausugua. Nikausugua tena.
Ulikuwa safi tangu mwanzo.

Nikashuka. Majivu.
“Mreno huyo,” akasema Mfaume,
kama asemaye mvua ya juzi.
Na chini ya majivu, kijani cha Uchina,
buluu ya Uajemi, sarafu ya shaba ya sultani
nyepesi kama kucha ya mtoto mchanga.
Kila kimoja na kimfuko chake, namba yake,
kitanda cha pamba ndani ya sanduku.

Na hivi vyeusi? Vyungu vya udongo wa hapa?
“Hivyo ni vingi mno, Somoe. Mwaga lundoni.”

Vingi mno!
Mama yangu Mmwera, baba Mmachinga,
bibi mzaa baba siku ya harusi alikuwa Mshirazi,
siku ya njaa alikuwa mtu wa Nangurukuru
mwenye wajomba wenye mihogo.
Nasi tulikuwa vingi mno, mkeka mmoja.

Lundoni nikaokota shingo ya chungu,
imechorwa kwa ukucha, mishazari mishazari,
kama chungu cha bibi cha kisamvu.
Pembeni, alama ya kidole gumba.
Nikaweka changu.
Hakikuenea.
Kidole kile kilikuwa kidogo, cha msichana labda,
aliyeitwa kwa ukali, akaacha udongo haujakauka,
akaenda, na hakurudi kusawazisha.

Nikakitafutia kimfuko. Namba sikuwa nayo.
Penye neno “Asili”, ambapo wengine
wameandikiwa Siraf, wameandikiwa Uchina,
nikaandika: Hapa.

Mfaume alisoma. Akavua miwani,
akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akasoma tena.
“Chai inapoa,” akasema.
Kimfuko hakukitoa sandukuni.