Pambizoni

Polisi walichukua vyuma, wakatia saini, wakashukuru:
tupa, jiliwa, kinoo, mtutu mmoja usio na kitako,
na mizani ndogo ya shaba ya kupimia baruti,
ambayo mama aliililia kuliko alivyomlilia mumewe,
maana ndiyo aliyopimia iliki.
Vitabu havikuwamo kwenye orodha.
"Karatasi haiui," alisema koplo,
akavisukuma kwa buti vikarudi uvunguni.

Vilikuwa saba, vimefungwa kwa uzi wa nyavu,
vinanuka mafuta ya bunduki na dagaa wa Mwaloni.
Kimoja historia, tangu utambi hadi fataki.
Kimoja cha ufundi, springi zake zimechorwa
kama matumbo ya kuku aliyepasuliwa.
Vitano juu ya jambo moja tu: kulijaza upya ganda
lililokwisha kulia.

Baba alisoma Kiingereza kama mtu avukaye mto kwa mawe:
neno, kamusi, neno, kamusi,
na pale jiwe lilipokosekana, akaruka.
Fundi Lubango wa Kirumba, leseni ukutani,
vidole vinane.
Viwili vililiwa na mamba. Ndivyo alivyotuambia.

Mwaka wa tatu tangu tumzike Kisesa
nikakata uzi.

Kurasa zilijua urefu wa mtutu, uzito, kiwanda,
magobore mangapi yalishushwa pwani
yakapanda na misafara mpaka Nyanza.
Zilijua kila skrubu. Mtu hazikumjua.
Basi pembeni, kwa penseli ya seremala,
mwandiko umelala kama nyasi baada ya mvua:

*Kama ile ya Magesa wa Ukara. Viboko watatu. Mpunga ulipona.*

*Hii nilimchongea Ndaki kitako. Mninga. Hajalipa.*

*Hii ilimpata Shija wa Nyanzala, gizani, akadhaniwa nguruwe.
Mwenyewe alitaka kifyatulio kiwe chepesi. Nilikifanya chepesi.*

Nikafunga. Nikachemsha chai.
Nikaiacha ikapoa, ikafanya utando.

Katika kitabu cha maganda, sura ya maonyo,
herufi nene zinasema: usibahatishe kipimo.
Chini yake, baba:
*Nilibahatisha. Machi 14.*
Kumbe hakukuwa na mamba.

Na pale wanapofundisha punje
(baruti hupimwa kwa punje,
kama mtu anayehesabu mtama wa mbegu)
nikakuta jina langu:
*Holo kazaliwa Bugando. Ratili sita.*
Halafu hesabu ndefu, imefutwa, imerudiwa,
mara elfu saba, jibu limepigiwa mistari miwili:
*punje elfu arobaini na mbili.
Mzigo mkubwa. Usikaribie moto.*

Nyamizi muuza karanga alikuja kuuliza karatasi,
mia tano kwa kilo, nzito anaongeza kidogo.
Nikamwambia subiri.
Nikachukua mkasi wa mama, nikakaa kizingitini,
nikakata pambizo peke yake, ukurasa kwa ukurasa,
mpaka gumba likaota lengelenge.
Katikati kote akapewa Nyamizi.

Sasa pale Mabatini watoto wanakula karanga
ndani ya mchoro wa kifyatulio,
wanapuliza maganda, wanatupa, wanacheka.
Nami nina kitabu chembamba kama rula,
nimekishona kwa uzi uleule wa nyavu,
hakina bunduki hata moja,
kina majina.

Nyanzala yuko hai. Yuko Igombe, anauza mihogo mibichi
chini ya mwamba uliopakwa tangazo la simu.
Kusoma hajui. Itabidi nimsomee.
Nimeshafanya mazoezi, peke yangu, mlango umefungwa,
ile mistari miwili.
Wa kwanza naufikisha.
Wa pili nafika kwenye *Nilikifanya*
na ulimi unaanza kutafuta jiwe la kukanyaga.