Kichupa chenye Kifuniko cha Zambarau

Wiki ya tisa. Tumbo bado halijaniumbua.
Khanga naifunga nilivyoifunga mwaka jana,
ila mate yamenijaa, na harufu ya kitunguu
inanikimbiza uani tangu alfajiri.

Sista Nakijwa hakuanza na tarehe.
Aliuliza: "Kwenu kulikuwa na mtu akilia mifupa?"
Na mimi, niliyekuja Bombo kupimwa wingi wa damu,
nipewe vidonge vyangu vyekundu nirudi Makorora,
nikajikuta nimemtaja Mhando.

Mhando, kaka yangu. Macho ya njano kama binzari.
Kipupwe kikiingia vidole vyake huvimba,
mama hukaanga chumvi kwenye kikaango cha chapati,
akaifunga kitambaani, akamkanda magoti,
akamkanda mpaka adhana.
Majirani walisema jini. Shangazi akasema kijicho.
Tukachinja kuku mweusi, tukachinja na mwekundu.
Aliondoka na miaka kumi na moja
na daftari la hesabu lenye kurasa nyingi nyeupe.
Hakuna aliyetuambia kwamba ni mundu.

Mundu! Niujuao mimi ni wa bibi, kule Muheza,
una mpini wa mpera, unaning'inia juu ya mlango,
hukata majani ya mbuzi, haujamdhuru mtu.
Huu wa kwetu hauna mpini.
Umepita mkono kwa mkono bila kushikwa,
babu kampa baba, baba kanipa mimi,
kimyakimya, kama deni lisiloandikwa.
Mhando alipewa na wazazi wote wawili.

"Nusu unayo," akasema Sista majibu yalipotoka.
"Nusu haikuumizi. Mumeo je?"

Singano wa kiwanda cha kamba, mkonge umemchubua viganja,
alikuja na baiskeli, na jasho, na maneno ya mama yake:
damu ya ukoo haipelekwi sokoni,
na anayetangaza mimba changa anaialika husuda.
Nikamwambia, mama yako huyohuyo ndiye aliyenifunda
kuwa mficha uchi hazai.
Akacheka, cheko la mtu aliyebanwa mlangoni.
Akakunja mkono wa shati,
akakodolea macho kalenda ya mwaka uliopita,
mwanamume mzima, anaogopa sindano.

Nusu na yeye anayo.

Njia ya kurudi sijui niieleze vipi.
Nilikaa kwenye keria, shavu mgongoni mwake,
tukaipita barabara ya kumi na mbili, ya kumi na tatu,
mnyororo ukilia mahali palepale kila mzunguko,
nami nahesabu: mmoja katika wanne.
Mmoja katika wanne.
Kwa mama tulizaliwa wanne.

Sista anasema mtoto ameshaingia katika damu yangu,
vipande vyake, vumbi la vumbi, vinaogelea humo,
na mbali huko kuna mashine za kuchuja
lililo lake na lililo langu.
Kichupa kimeondoka leo kwa basi la saa kumi na mbili,
ndani ya boksi la barafu, kifuniko cha zambarau,
jina langu kwa wino wa bluu: Mwantumu Shekue.
Yeye hajafikia ukubwa wa zabibu,
na ameshasafiri kuliko baba yake.

Mama mkwe ameniuliza, akichambua mchele,
bila kuinua uso:
"Na ukishajua, utafanya nini?"
Sikumjibu. Ninayo majibu matatu
na yote matatu huniamsha usiku.
Ila akilia, huyu, sitachinja kuku.
Sitazunguka na kilio chake nyumba kwa nyumba
nikiwauliza watu kinaitwaje.

Jana dukani nimenunua chumvi ya mawe, kilo nzima.
Singano ameiona, hakusema kitu,
ameisogeza tu mbali na maji.
Kikaango cha mama ninacho mimi.